Samahani ya Mwezi wa Tisa

Ukumbi wa maonyesho ya kompyuta ulikuwa umefurika hadi milangoni. Binti wetu alikuwa wima mezani pake tangu asubuhi, gauni la kijani limemkaa barabara, viatu vinamuua. Bidhaa yake haikuwa na mvuto wa macho. Siku hizi programu huandika programu nyingine, maelfu ya mistari ambayo hata mwenyewe haioni. Zana aliyoitengeneza ilifungua dirisha, ukasoma kila kilichoandikwa na mashine. Wenzake walimbatiza Mpekuzi.

Kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, alipigwa kikumbo akajimwagia kahawa. Akaegemea meza ile ajifute.

"Samahani, bibie. Hapa mnauza nini?"

"Macho."

"Yangu yana kasoro gani?"

"Umepita hapa mara tatu, hayajaniona."

Akacheka mpaka kahawa iliyobaki ikamwagika. Alikuwa fundi wa mitambo ya kompyuta. Kabla taa za ukumbi hazijazimwa, walikuwa wameshapeana namba.

Mapenzi yakanoga upesi. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ya Mpekuzi ililia: "Umeamkaje, tabasamu langu?" Jioni wakapigiana.

"Umekula?"

"Nakungoja wewe unilishe."

"Kwa simu?"

"Jaribu uone kama sitashiba!"

Lakini Mpekuzi alikuwa na kidonda. Mchumba wake wa kwanza alikuwa akiwatumia wanawake watatu ujumbe uleule, neno kwa neno. Tangu hapo kuamini maneno ya mwanamume kulimwia kazi nzito, na kwa huyu fundi ndiyo kwanza alikuwa anajaribu tena.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano alikuwa kwa fundi. "Niangalizie hii programu ya kazini, mamii, inanigomea," fundi alisema, akaingia jikoni. Mpekuzi akawasha zana yake, nayo ikafungua kila kilichokuwamo, pamoja na kijiprogramu kimoja ambacho hakikuhusu kazi. Akasoma. Salamu zake zilikuwa zimepangwa humo, za kila siku mpaka mwisho wa mwaka. Mwezi wa tisa akakuta hii: "Nisamehe kwa jana, mpenzi. Kosa ni langu." Ugomvi wenyewe bado hawajagombana!

"Wangapi wanatumiwa hizi?" alifoka.

Fundi alitoka jikoni na kijiko mkononi. "Ni wewe tu! Mimi nilidhani unajua. Kazini simu tunaziacha mlangoni saa kumi na mbili, salamu zingekufikiaje? Wewe si ndiye mtaalamu wa mambo haya?"

"Kumbe nilikuwa napendwa na mashine."

"Mpenzi, hebu fungua na pale..."

"Usiniite hivyo!"

Akanakili kile kijiprogramu kiwe ushahidi, akabeba mkoba wake akatoka. Fundi alipiga simu mpaka namba yake ikazuiwa. Alipofika mlangoni kwao, shangazi aliyemlea Mpekuzi alitumwa kusema hayupo, akasema huku uso umemshuka kwa aibu.

Miezi miwili ikapita. Siku moja shangazi akachoka.

"Hebu nionyeshe huo ushahidi, mwanangu." Akavaa miwani, akasoma taratibu. "Sawa, mashine ndiyo iliyoandika. Na yenyewe iliyatoa wapi haya maneno?"

Mpekuzi akaivuta kompyuta. Miezi yote miwili ya hasira alikuwa amesoma ilichokitoa mashine; alichokiandika fundi hakuwa amekigusa. Akakifungua. Kila Jumapili fundi aliketi akaandika sentensi mpya kwa mkono wake, mashine ikazigawa tu kwenye tarehe za mwaka, na pembeni akajiwekea maelezo. "Hapendi kuitwa malkia. Futa." "Jumatatu ana kikao, isiwe ndefu." Kando ya ile samahani: "Ya akiba. Najijua, siku moja nitamkosea, na nikikosea huwa bubu."

Alilia mpaka shangazi akamfungia kompyuta.

Kesho yake alimngoja fundi nje ya kazini kwake. Fundi akatoka, amekonda, anachukua simu yake kwenye kisanduku cha mlangoni.

"Nimesoma yote," Mpekuzi alisema. "Nisamehe."

"Nilikusamehe zamani."

"Basi twende nyumbani."

Fundi akatikisa kichwa. "Siku hizi nikitaka kuandika hata 'habari', nakuona umeniinamia begani unatafuta uongo. Nimejaribu, haki ya Mungu. Neno haliji. Sikuwa na maneno mengi mimi, na yote yalikuwa mle."

"Nitabadilika."

"Najua utaweza. Mimi ndiye sitaweza. Nimeomba uhamisho, Ijumaa naondoka."

Mpekuzi akamkazia macho, akitafuta hasira kidogo tu, kitu cha kushikilia. Hakuiona. Fundi alikuwa mpole kama alivyokuwa mpole kwa watu wote.

"Nenda salama," alimwambia, "dada yangu."