Habu ya Kushoto

Nati ilikuwa na joto. Fundi angekuwa mtu wa kusikiliza, hilo lingemtosha. Gari lenyewe, la michezo, la milango miwili, jekundu lililopauka, lilikuwa halijatembea kwa miaka. Lilivutwa kwa kamba hadi uani kwake asubuhi ile, likapandishwa kwenye stendi, magurudumu ya nyuma yakatolewa. Chuma cha namna hiyo kinapaswa kuwa baridi. Fundi akafuta kiganja kwenye suruali, akasema ni jua hilo, akaendelea na kazi. Jua gani, wakati mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri?

Majirani walimwita Chapuchapu, na jina lilimkaa. Aliyetunga methali ya haraka na baraka bila shaka alikuwa amemwona mtu kama yeye. Akila, anasimama. Akinywa chai, anazunguka nayo uani. Gereji yake na jiko la nyumbani vilitenganishwa na ukuta mmoja wenye mlango, kwa hiyo mkewe alijua kazi inakwendaje kwa namna vikombe vilivyotikisika rafuni. Mtu wa tatu mle ndani alikuwa mama mkwe, mkunga mstaafu. Wenye mashetani nao walikuwa wakimjia, kwa mlango wa nyuma, na aliwapokea kwa uso uleule aliopokelea watoto, uso wa mtu anayetaka umalize upesi aende akalale.

Mwenye gari alikuwa kijana mtanashati, gari kalirithi kwa mjomba wake.

"Jumamosi tuna msafara wa magari ya zamani," alisema. "Nibadilishie beringi za nyuma tu, fundi. Marehemu mjomba hakutaka huko nyuma paguswe. Eti kuna fundi alipavamia kwa pupa zamani, mke wa mjomba akachechemea mpaka anakufa. Wazee bwana."

Wakacheka wote wawili. Kucheka ni bure.

Sasa, habu za magari haya, yaani vile vitovu vya magurudumu, zina ukaidi wake. Ncha ya ekseli imechongwa ikawa nyembamba kuelekea nje, habu ikapachikwa juu yake na kubanwa kwa nati, na miaka ikipita vyuma hivyo viwili hushikana kama vilizaliwa pamoja. Ili kuitoa unafunga pula, kile chombo cha miguu mitatu chenye skrubu katikati, unakaza, unagonga kidogo, unakaza tena, kisha unaiacha ikiwa imevutika hivyo hivyo. Nati unairudisha kwenye ncha ya ekseli, imelegea, kwa sababu habu ikiachia inalia kama bunduki na kuruka, na kifua chako kiko mbele yake. Kazi yenyewe hasa ni kusubiri. Yaani angepewa mtu yeyote duniani isipokuwa Chapuchapu.

Akaanza na ya kushoto. Akafunga pula, akakaza, nati hakuirudisha. Pakanukia marashi ya waridi, mle ndani ya harufu ya grisi na petroli, na yeye akadhani mkewe amepita. Mkewe alikuwa jikoni, ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "nyonga yangu. Ya kushoto. Kama mtu ananikamua."

Fundi akagonga skrubu ya pula kwa nyundo, mara moja. Ndani ya habu pakagongwa mara mbili. Akasimama. Akagonga tena mara moja, na tena ikajibu mara mbili, taratibu, kama mtu aliyeamshwa usingizini anayegonga ukuta kuwaambia majirani wanyamaze. Mtu mwenye akili angetoka nje. Yeye moyo ulimdunda, akaona aibu kwamba umemdunda, na kwa aibu hiyo akawasha mtungi wa gesi, akaelekeza moto kwenye habu.

Ukelele uliotoka jikoni hakuwahi kuusikia kwa mkewe, na walikuwa wameishi pamoja tangu wote wawili wakiwa hawana kitu.

Mama mkwe alitokea mlangoni. "Zima hicho kitu."

"Mama, ni habu tu inakataa..."

"Zima, njoo uone."

Mkewe alikuwa amelazwa kwenye mkeka, kanga imesogezwa. Kwenye nyonga ya kushoto palikuwa na duara jekundu la kuungua, na ndani yake alama nne ndogo zilizopangika sawasawa. Fundi alizitambua. Ni boliti nne za gurudumu, na ukubwa ni uleule.

"Nafungua pula," alinong'ona. "Nafungua sasa hivi, gari liondoke." Akakimbia, akaishika skrubu kwa spana, akairudisha nyuma robo ya mzunguko tu, na mkewe akalia vibaya kuliko mwanzo, na mguu wake wa kushoto, mbele ya macho ya mama yake, ukaanza kugeuka wenyewe kuelekea nyuma, polepole, kidole gumba kikitafuta kisigino cha mguu mwingine.

"Kaza," mama mkwe alisema. "Rudisha ulipokuwa. Mtoto akishaianza njia harudishwi ndani. Kaza, halafu kaa chini."

"Nikae?"

"Ukae. Leo utajua kukaa. Na nati iwepo."

Akakaza skrubu ile robo, mguu ukarudi ulivyokuwa, naye akairudisha nati. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya habu ile, mlango wa jikoni ukiwa wazi, akimwona mkewe kwa upande mmoja na chuma kwa upande mwingine, magoti yakicheza, mikono ikitafuta cha kushika, na kila alipotaka kuinuka ili afanye jambo lolote, hata kufagia, marashi yale yalizidi kuwa makali na mkewe akauma kanga, kwa hiyo alirudi kukaa, akaapa moyoni kwamba mguu ule ukipona hatawasha moto tena maishani mwake.

Mkunga akaweka kiganja juu ya lile duara. "Nani wewe?"

Aliyejibu alitumia mdomo wa mkewe, lakini sauti ilikuwa ya mtu mzee aliyechoka. "Mnanivuta."

"Nani kakuweka humo?"

"Nimekaa mwenyewe. Nimetembea sana. Nikaona kitu cha kuzunguka kimesimama, nikakaa. Kwa nini hamtulii?"

"Hapa huwezi kukaa. Mwanangu anautumia mguu huu."

"Mwambie huyo wa nyundo aache."

"Ameacha. Toka kwa hiari yako, sisi tunangoja. Nimengoja wabishi kuliko wewe."

Wakangoja. Vikombe vililia rafuni bila kuguswa. Ekseli ikajizungusha kidogo, ikatulia. Mkunga akiinua kidole, fundi anakaza skrubu kwa unywele, kisha anakaa tena, machozi yakimtiririka bila yeye kujua, akirudia kwa kunong'ona, "Tafadhali, mzee wangu. Tafadhali." Hakuwahi kumwita chuma mzee wake.

Habu ikaachia. Mlio ule ulipasua kioo cha dirisha. Ikaruka, ikaigonga nati, ikabaki inaning'inia kwenye ncha ya ekseli. Marashi yakakatika. Jikoni, mkewe alivuta pumzi ndefu, akakunja mguu, akaunyoosha.

"Nasikia kiu," akasema, kwa sauti yake.

Fundi akaangua kilio kama mtoto. Mama mkwe alinawa mikono, akaja kusimama mlangoni.

"Bado ya kulia."

"Hapana, mama."

"Ametoka huku, kahamia kule. Na mlango wa mwanangu ameshaujua. Ifanye leo, mkono wako ukiwa bado una adabu."

"Siligusi. Liende."

"Mkunga haachi pacha ndani," mama mkwe alisema. Lakini fundi alikuwa ameshapiga simu, na jioni gari likavutwa likaondoka, naye akafagia ua mzima mara mbili.

Siku mbili walikaa vizuri. Mke aliimba jikoni, duara likaanza kufifia. Ya tatu, mchana, simu ikaita. Alikuwa kijana mwenye gari, mchangamfu.

"Wala usijali, fundi. Nimepata mwingine, huyu hana maneno mengi. Habu moja tu imebaki, tunaimaliza sasa hivi."

"Mwambie aache," fundi alisema. "Nisikilize, mwambie asiguse, nakuja mwenyewe, nitaikalia hata wiki..."

"Ngoja, sikusikii, anagonga."

Nyundo ikalia ndani ya simu, mara moja. Nyuma ya ukuta, sufuria ikaanguka jikoni, na wimbo ukakatika.

Na kule kwenye simu, mbali kidogo, sauti ya mwanaume aliyeshiba ikasema, "Kaidi hii. Lete moto."