Mhusika Aliyenyamaza

Kiamsha, chombo cha kuhariri hadithi, kilimaliza kusoma muswada wa kurasa mia tatu kabla mhandisi Sekela hajakaa vizuri kitini. Juu ya meza ukachomoza mshale wa mwanga. Huo ndio uliokuwa kipimatendo: ulionyesha mhusika mkuu anatenda kiasi gani, na kiasi gani anatendwa tu. Mshale ulisimama kwenye tisa. Tisa kati ya mia.

"Mhusika amelala," kilisema Kiamsha kwa sauti yake tulivu. "Anakaa, anangoja, ananyamaza. Nimwamshe?"

"Mwamshe," alisema Sekela.

Alikuwa ametumia miaka sita kukiunda. Mkoani Mbeya, ambako sasa roboti zilichuma chai na kufagia barabara, watu walisoma hadithi kwa miwani-kitabu, na miwani iliwaarifu wachapishaji msomaji alichoka ukurasa gani. Mara nyingi alichoka pale mhusika alipokaa tu na kuyaacha mambo yamkute. Kiamsha kilizitafuta sehemu hizo na kuzigeuza, ili mhusika ndiye aanzishe jambo. Mjane aliyenyang'anywa shamba, badala ya kulia sura tatu, alifunga safari kwenda mahakamani. Waandishi wengi walishukuru, na kwa kweli vitabu vyao vilipona.

Muswada wa leo ulikuwa wa baba yake, Mzee Ambilikile, mwalimu mstaafu wa jiografia. Ulimhusu Lusajo, mwanamume aliyekaa miaka kumi na mmoja kando ya kitanda cha mkewe aliyepooza. Ukoo mzima ulijua Lusajo ni nani. Subilaga, mama yake Sekela, alipooza binti akiwa na miaka minne, akafariki binti akiwa kidato cha tatu.

Sekela hakuusoma. Kazi zilimbana, na kusema kweli aliogopa kurudi katika chumba kile. Aliona tisa, akaiamini.

Katika toleo jipya, Lusajo aliwafokea madaktari, akambeba mkewe hadi kituo cha tiba ng'ambo ya bahari, mke akapandikizwa neva mpya, akatembea. Mshale ulipanda hadi themanini na sita. Kitabu kikasomwa miji yote.

Wiki moja baada ya kumpelekea baba nakala yake, Sekela alimkuta sebuleni, miwani-kitabu ikiwa mapajani.

"Umekisoma, Baba?"

"Mara mbili." Mzee aliigeuza miwani. "Subilaga anatembea."

"Ni hadithi tu. Wasomaji wanapenda mtu anayepambana."

"Kumbe palikuwa na mambo ya kufanya." Aliitazama mikono yake. "Mashine imeyaona kwa siku moja. Mimi miaka yote ile sikuyaona?"

"Sivyo, Baba. Chombo hakijui..."

"Na wewe, mwanangu? Wewe pia ulikuwa ukiona hivyo?"

Alipaswa kusema hapana. Akachelewa. Utotoni alimsikia mama mkubwa Tupokigwe, dada wa mama yake, akisema waziwazi kwamba Ambilikile ni mwanamume wa kukalia mikono, naye akaamini. Ukimya ule ulikuwa mfupi, lakini mzee alikuwa amefundisha miaka thelathini. Alimjua mtoto asiyetaka kujibu.

"Haya," alisema kwa upole. "Chakula kipo jikoni."

Hakuandika tena. Masika yalipoisha, homa ya mapafu ikamchukua.

Baada ya mazishi ndipo Sekela alipousoma muswada wenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Katika sura ya saba madaktari walileta habari za kituo cha ng'ambo. Tiba ilikuwa bado ya majaribio. Wengi walirudi wakitembea lakini hawamkumbuki mtu. Mke, aliyezungumza kwa kope tu, alikataa. Alitaka kufa akimjua binti yake. Akaomba binti asiambiwe, asije akajiona ndiye sababu. Lusajo akaahidi. Siku ya pili shemeji yake akaja, akamwita mwoga mbele ya wageni. Lusajo akanyamaza.

Hapo Kiamsha kilikuwa kimeweka sifuri.

Sekela alilia. Mtu yule hakuwa amelala hata siku moja. Alitaka jambo moja kwa nguvu zake zote, na kila asubuhi alilichagua upya. Huenda msomaji asingeliona hilo kwa urahisi. Ingetosha mtu kumwuliza mzee, hapa Lusajo anataka nini. Swali moja tu. Na baba, aliyeahidi kutosema, alikuwa ameandika, akaukabidhi muswada mikononi mwa binti yake.

Jumapili aliupeleka kwa mama mkubwa Tupokigwe, akamsomea sura ya saba. Bibi huyo alikuwa akichambua maharage. Mikono ikasimama.

"Rudia hapo."

Sekela akarudia.

"Maneno hayo niliyasema mimi," alisema Tupokigwe. "Nikayasema tena kwenye msiba wa mama yako. Naye akanikaribisha chai. Kwa nini hakunijibu?"

"Alikuwa ameahidi."

Tupokigwe alijifunika uso kwa khanga. Mabega yalitikisika muda mrefu. Sekela alipoanza kuzikusanya karatasi, bibi akamshika mkono.

"Endelea kusoma," alisema. "Mpaka mwisho. Usiruke hata pale anapokaa tu."