Nafasi ya Kambere

Kasonia alivuta samaki wake wa kwanza maishani, tilapia mpana kama kiganja, akageuka kutafuta pa kumweka, ndipo akaziona nyayo. Zilikuwa za mtoto. Zilitoka majini, zikaja kusimama pembeni ya nyayo zake, na hazikurudi. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Asubuhi ile ufuko wa Kyavinyonge ulikuwa na ndege waliongoja matumbo ya samaki, na viboko wakipumua mbali, basi. Mtoto hakuwepo.

Angekuwa mvuvi, angeacha ndoano palepale na kukimbia. Lakini Kasonia alikuwa mtu wa maharagwe, wa milima ya Vuhovi, na mwenye njaa hana miiko. Akamfunga samaki kwenye kitenge, akaenda kumpikia mwanawe.

Vita ya pili ndiyo iliyomshusha ziwani. Siku askari walipopanda kilima chao, alimbeba mgongoni Kasereka, mwanawe wa mwisho, na Kambere, kaka ambaye mdogo wake humwita yaya, akakimbia mbele kwa miguu yake, amevaa viatu vya plastiki, cha kushoto mama alikuwa amekishona kwa uzi mwekundu. Penye njia panda watu walisukumana, na Kambere hakuonekana tena. Mmoja alisema amemwona Butembo, kwenye parokia. Mwingine alisema asijidanganye. Kasonia alishika neno la yule wa kwanza, akakataa katakata kumlilia mtoto ambaye hajaiona maiti yake.

Kwa Wanande jina lenyewe linahesabu. Paluku ni mvulana wa kwanza, na wake alifariki akiwa mchanga, akazikwa, akaliliwa. Kambere ni wa pili, Kasereka wa tatu. Ukimwona Kasereka peke yake, bila mtu kukueleza, unajua mbele yake kuna nafasi.

Na huyo Kasereka alikuwa anakwisha. Miguu ilivimba, nywele zikageuka nyekundu. Infirmier, muuguzi wa zahanati, alimwambia mama, "Dawa yake iko samaki." Samaki wa kununua na nini? Ndipo akamwendea Ananie, mvuvi ambaye askari walimpokonya pirogi, mtumbwi wake, na tangu hapo alikuwa mkali kama pilipili.

"Bamama habaingie mu pirogi," Ananie alisema. "Utavua ukisimama inje."

Akamfundisha huku akimgombeza. Minyoo ichimbwe penye unyevu, ifunike ndoano yote. Chuma kidogo kifungwe kwenye mshipi ili uzame. Nguvu ya kutupa itoke kiunoni, haiko mu mukono. Kisha kidole kikae juu ya mshipi. "Samaki anagonga mara ya kwanza juu ya kuonja. Hapana vuta. Akigonga tena, vuta."

Mwisho akashusha sauti. "Na kwenye maji hapana ita mutu kwa jina. Piga mluzi. Mule ndani kuko benye balikufa, habana kwabo. Banasikia."

Kasonia alisikia, naye alinuia kutii. Lakini mtu wa milima amezaliwa akiita, anamwita mtoto kutoka mteremko mmoja hadi mwingine, na Kambere ndiye aliyekuwa mikono yake shambani. Asubuhi ile mshipi ulipomkata viganja na samaki akakataa kuja, mdomo ulijiendea wenyewe.

"Kambere, kuya unisaidie!"

Mshipi ukawa mwepesi, kama kuna aliyeushika nyuma yake na kuvuta naye.

Tangu siku ile hakukosa samaki. Kasereka alikula, uvimbe ukashuka, na Kasonia angefurahi, kweli angefurahi, kama si harufu ya tope iliyoingia nyumbani na kukataa kufagiliwa. Mkeka ulilowa kila asubuhi mahali pamoja tu, katikati yake na Kasereka, pale pale alipokuwa akilala Kambere kule milimani. Na Kasereka, aliyekuwa hana nguvu ya kulia, alianza kuchekacheka peke yake, mwili ukiwa baridi kama chungu cha maji.

"Unasema na nani?" mama alimnong'oneza.

"Na yaya Kambere. Anasema mu maji hakuna baridi. Anasema twende."

Kulipopambazuka siku ya pili yake alimkuta ziwani, maji yamemfika kifuani, mkono mmoja ameuinua juu kama mtoto anayeongozwa na mkubwa wake. Alimnyakua, na alihisi, haki ya Mungu alihisi, kuna anayemvuta upande wa pili.

Alikimbia kwa Ananie akiwa amelowa. Ananie hakumgombeza safari hii.

"Uliita," alisema polepole.

"Ilinitoka tu."

"Ile haiko mutoto wako, mama. Iliona nafasi, ikaikala mule ndani. Sasa inataka wa tatu. Nyoa kichwa, fanya kilio, simama mbele ya maji useme mwana wako alikufa. Nafasi itafungika. Na kisha, mwenye atakuya na lile jina, hata akuite na sauti ya Kambere, hapana fungua. Itakuya na miguu yenye maji."

"Mais... lakini alionekana Butembo."

"Donc, basi, chagua," Ananie alisema, akaangalia chini.

Kasonia alichagua. Alinyolewa, akasimama ufukweni na Kasereka mgongoni, na yale maneno yalimuuma kuliko uchungu wa kuzaa. "Kambere wangu alikufa," alisema. Akalia kilio chote alichokuwa amekizuia tangu njia panda. Jioni ile mkeka ulikauka. Harufu ilitoka. Kasereka akapata joto, akaomba ugali.

Wiki haikwisha. Mchana mmoja mvua kubwa ilikuwa inapiga mabati wakati mlango ulipogongwa mara moja, ukanyamaza, ukagongwa tena.

"Mama. Ni miye Kambere. Fungua, mvua inanipiga."

Ilikuwa sauti yake kabisa, ile ya kukwaruza kidogo, na Kasonia alimshika Kasereka kifuani akamziba mdomo, akainama kuchungulia chini ya mlango, akaona vidole vidogo vya miguu na maji yakichuruzika juu yake na kuingia ndani kama mfereji, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, huku sauti ikisema nimekuya na kamio ya Mathe, mama, niko na njaa, mama, nilikutafuta sana, na yeye akisali Salamu Maria bila kufika mwisho, akianza upya, akianza upya, mpaka sauti ikaanza kulia, na mpaka kulia kwenyewe kukaisha.

Mvua ilipokatika, mlango uligongwa kwa nguvu ya mtu mzima. Alikuwa Mathe, dereva wa kamio, lori la kuleta chumvi, akicheka.

"Mama Kasonia, na mutoto? Nilimutoa ku parokia Butembo, anataja jina yako njia yote. Alinirudilia akasema mlango umefungwa. Nikamwambia, pengine mama iko kwenye maji, si anavua?"

Kasonia alitazama kizingiti. Mvua. Nani angesimama kwenye mvua ile akabaki na miguu mikavu?

Alikimbia. Mchangani nyayo ndogo zilitoka barabarani, zikatembeatembea pale anaposimama yeye kutupa ndoano, zikaingia majini. Kiatu cha kushoto kilikuwa kinaelea karibu, uzi mwekundu bado umeshika. Aliita lile jina mpaka koo likakauka, Ananie na wenzake wakizamia, na ziwa lilikuwa limetulia tu.

Walimrudisha nyumbani wakimshika mikono. Kasereka alikuwa amejisogeza ukingoni kabisa mwa mkeka, amejikunja, ameacha nafasi pana katikati. Mkeka ulikuwa umelowa.

"Mama," alimnong'oneza, "leo bako babili."