Nani Anasaga Nyumbani kwa Selina?

"Mumeo ameingiza mwanamke ndani, Selina."

Luciana, aliyekuwa akipita kuuza kuku, alitua tenga lake katika kijiji cha Mkiwa, ambako Selina alikuwa kwenye semina ya watunza miti na udongo wa vijiji vya Ujamaa. Yeye na Selina walikuwa majirani kijijini kwao, Issuna. Sikio la Luciana lilikuwa kali, ila mdomo wake ulizoea kutangulia macho.

"Umemwona?"

"Kumwona sijamwona. Nasikia. Kila alfajiri jiwe linasaga uwele kwako. Wewe uko huku, mama mkwe wako mgonjwa, mikono haina nguvu. Na mwanamume hasagi. Sasa anasaga nani?"

Selina alimwendea mwalimu wao, Bwana Simeoni.

"Shikamoo. Naomba ruhusa nirudi nyumbani."

"Marahaba. Kesho tunajifunza kupiga matuta ya kuzuia mvua isibebe udongo. Ukiondoka, Issuna watafundishwa na nani?"

Alibaki, kwa kuwa kijiji kilimtuma. Alichimba matuta huku analia. Semina ilipofungwa akadandia lori.

Gasto, mumewe, alitoka kumpokea mzigo. Selina hakuuachia.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Anayekusagia."

Gasto akainama. "Hakuna mwanamke hapa."

"Kwa hiyo uwele unajisaga wenyewe?"

Mama mkwe akakohoa kutoka ndani.

"Gasto, mwonyeshe mkeo viganja. Mimi nimechoka kukutunzia siri."

Viganja vilikuwa malengelenge matupu. Magoti nayo yamechubuka kwa kupiga magoti jiweni.

"Ulitamani sana kwenda," Gasto alisema taratibu. "Na mama lazima ale. Lakini nakuomba, usimwambie mtu. Watanicheka mpaka huko kisimani."

Selina alivishika viganja vile akalia upya, sasa kwa shukrani.

"Asante, mume wangu. Sitasema."

Juma lililofuata aliwafundisha wanakijiji kupiga matuta. Walipomaliza, mwenyekiti akauliza ni wanawake gani waende semina nyingine.

"Asiende hata mmoja," alisema Fabiano, mume wa Luciana. "Wakiondoka, wanaingia wengine. Si mmesikia ya kwa Gasto?"

Watu wakaguna. Selina aliuma midomo, maana alikuwa ameahidi. Ndipo Gasto akasimama.

"Aliyekuwa anasaga kwangu ni mimi."

Walicheka mpaka wazee wakashika mbavu. Gasto akasubiri wamalize.

"Na Selina akiitwa tena ataenda. Nitasaga."

Selina alikwenda kusimama kando yake mbele ya kijiji kizima, akimshukuru Mungu kwa mume aliyempa. Luciana naye alikuwa amemgeukia Fabiano, anamtazama bila kupepesa. Fabiano akajikuna kichwa.

"Gasto, ndugu yangu," akauliza kwa sauti ya chini, "hivi uwele unaulowesha kwanza, au unausaga mkavu?"