Mwanaisha Hashuki Lami

Lori la korosho lilikwama sokoni Chikongola asubuhi, mbele ya maduka ya vitenge, kwa sababu gari dogo la Noah lilikuwa linashusha vitunguu katikati ya njia na mwenye Noah hakuwa na haraka na mtu. Hiyo ndiyo nafasi aliyokuwa akiiomba Mwanaisha tangu Naliendele. Alikuja kwa nyuma akikanyaga pedali kama anafukuza mwizi, akalipita lori, akaisimamisha baiskeli yake mbele ya bampa na kupiga stendi chini.

Watu waligeuka. Alikuwa amevaa dera la kijani alilolipandisha na kulifunga kiunoni, suruali nyeusi kwa ndani, mtandio umeteremka shingoni, vumbi mpaka kwenye kope. Kwenye keria alikuwa na trei za mayai zilizofungwa kwa mipira ya tairi, na ya chini kabisa ilikuwa inavuja. Akaifungua ile ya chini, akapanda ngazi ya lori, akampakatisha dereva kupitia dirishani.

"Shika kazi yako," alimwambia.

Dereva alikuwa Idrisa, kijana wa Masasi, mrefu, ndevu kachonga, shati jeupe la kupigwa pasi ambalo kuanzia siku hiyo halikuwa jeupe tena. Aliuliza kwani kuna nini. Mwanaisha alimweleza yeye na soko zima: alimpigia honi pale Naliendele bila kupunguza mwendo hata kidogo, mpaka ikambidi aiache lami na kutumbukia mchangani, na pale lami inapokatika pana kizingiti kama cha mlango wa jikoni. Mtu anaweza kukiruka, yai haliwezi. Idrisa akajitetea kwamba honi ilikuwa ni kwa usalama wake, na kwamba baiskeli zote hushuka, ndivyo ilivyo siku zote. Kisha akatia mkono mfukoni kutafuta pochi, na hapo ndipo alipoharibu kabisa.

"Sikuja kudai mayai. Nataka uniombe radhi, na hawa wote wasikie."

Utingo wake, Kelvin, akacheka. Mwenye vitunguu, ambaye ndiye aliyeziba njia, akapata ujasiri wa kumwambia Idrisa aombe radhi watu wapite. Basi Idrisa akashuka, ute unachuruzika mapajani, akiwa ameandaa neno la kumkomesha huyu mwanamke. Alipomfikia lile neno likapotea. Tuseme ukweli, Mwanaisha alikuwa mzuri, na hasira zilimkaa kuliko wanja.

"Samahani, dada," alisema.

"Sauti."

"Samahani, dada. Nimekosea."

Watu wakapiga makofi. Idrisa akauliza jina lake, naye akamjibu kwamba wanapishana barabara hiyohiyo kila asubuhi, leo ndiyo anataka kujua jina. Lakini alimtajia. Mwenyewe baadaye alijiuliza kwa nini.

Namba ya simu Idrisa aliipata kwa Happiness, mwenye mgahawa aliyekuwa akinunua mayai ya Mwanaisha. Haikuwa kazi rahisi. Alikunywa chai pale asubuhi na jioni, akala chapati na mayai, mayai na chipsi, mayai matupu, mpaka Happiness akamwonea huruma. Jioni hiyohiyo akapiga.

"Nani mwenzangu?"

"Yule wa suruali ya mayai."

Mwanaisha alikizuia kicheko, kikamshinda.

Kuanzia hapo Shangani ikawafahamu. Walitembea ufukweni jua likipoa, yeye na baibui lake la heshima na manukato ya udi, Idrisa na shati jipya, wakibishana kila kitu, kuanzia pweza mpaka mpira. Kwenye simu yake Mwanaisha alimwandika "Honi". Kwenye simu ya Idrisa yeye aliandikwa "Bosi wa Lami". Idrisa alimwita Mwana, akamwita mama, akamwita laazizi, na kila akimwita alijibiwa kwamba majina mengi ni dalili ya uongo. Lakini akichelewa kupiga, Mwanaisha aliitazama simu kama imemkosea.

Jumapili moja Idrisa alikuwa na saruji ya kupeleka Kilambo, na Mwanaisha ana shangazi yake huko. Wakaenda pamoja, yeye amekaa juu kwenye kiti cha utingo. Hakuwahi kuiona barabara kutoka kule. Mbele yao alikuwapo mzee mmoja na baiskeli yenye magunia ya mkaa. Idrisa alikuwa anasimulia habari za mama yake, na bila kukatisha hadithi mkono ukaenda kwenye honi. Mzee akatumbukia majanini na mkaa wake. Idrisa akaendelea na hadithi.

Mwanaisha akamuuliza kwa nini hakushika breki. Akamweleza kwa upole, kama mwalimu: lori lenye mzigo halisimami kirahisi, ukishika breki kwa kila baiskeli hufiki, na jambo la kwanza dereva analomfundisha utingo wake ni honi kwanza, breki baadaye. Yeye mwenyewe ndivyo alivyomfundisha Kelvin. Walipofika mtoni na kukaa kula samaki, Ruvuma inapita mbele yao, Idrisa alimshika mkono na yeye akauacha ushikwe. Moyo ulishakwenda, afanyeje?

Msimu wa korosho ukachanganya. Malori yakawa usiku na mchana kutoka Nanyamba kwenda bandarini, na katika kijiji cha kina Mwanaisha, Namgogo, mkulima mmoja aitwaye Rashidi akagongwa na tela, baiskeli ikapindika na mguu ukavunjika. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano na madereva. Shauri lililopatikana ni hili: mpaka msimu uishe, baiskeli zisionekane kwenye lami, zipite njia ya zamani ya mashambani, kwenye mikorosho. Mwanaisha hakuwapo, alikuwa mjini na mayai yake. Aliporudi, mama yake akamsimulia kila kitu huku akimenya muhogo, na mwishoni, kwa sauti ya chini, akaongeza kwamba madereva walipoambiwa wanyooshe mikono, mkono wa kwanza ulikuwa wa Idrisa.

Mwanaisha akapiga simu hapohapo, hata hodi ya salamu hakupiga. Idrisa hakukataa.

"Niliunyoosha kwa ajili yako," alisema. "Ule mguu wa Rashidi niliuona kwa macho yangu. Sasa hivi nikiona baiskeli mbele moyo unanilipuka, najua ni wewe. Nataka kukuoa, Mwana. Sitaki kukuzika."

"Ukitaka nisife, punguza mwendo. Usinifukuze barabarani halafu uyaite mapenzi."

"Ni msimu mmoja tu."

"Ile njia ni mchanga mtupu, Idrisa. Baiskeli haipandiki, inasukumwa. Nikifika Chikongola watu wameshakula chakula cha mchana, na nusu ya mayai nimeyamwaga njiani. Happiness atatafuta mwingine, na wengine wote watatafuta mwingine. Kazi yangu imekufa, na aliyeiua ni wewe. Mguu aliuvunja mwenye lori. Kwa nini adhabu nipewe mimi?"

Idrisa alianza kusema kitu kuhusu kumtunza akishamuoa, kwamba hatahitaji tena kuhangaika na mayai. Simu ikakatwa. Alipopiga tena hakupatikana, na kesho yake pia, na wiki iliyofuata. Namba yake ilikuwa imefungiwa.

Mwanzoni Idrisa alijifanya mwanaume. Alimwambia Kelvin kwamba wanawake hupoa wenyewe. Huyu hakupoa. Alisukuma mayai yake mchangani, akatoka jasho, akavunja, akapoteza wateja, na salamu za Idrisa zilizoletwa na Happiness akazirudisha kama zilivyo. Idrisa akakonda. Wali ukawa hauna chumvi, redio haina wimbo wa maana. Ijumaa moja baada ya swala akaenda mgahawani kulalamika, na Happiness, aliyekwisha kuchoka naye, akamuuliza swali moja tu. Je, amewahi kuendesha baiskeli kwenye njia ile?

Hakuwahi. Akaazima baiskeli ya mpishi, akatoka vilevile na kanzu yake, akaikunja mpaka magotini na kushika njia ya Namgogo.

Mpaka Naliendele alishajuta. Kila lori lililompita lilimvuta pembeni kwa upepo wake, na mapaja yakawaka moto. Alipotoka Naliendele akasikia honi nyuma, na honi ile aliijua, maana ilikuwa ya lori lake mwenyewe. Kelvin alikuwa amepata leseni, siku hiyo akaachiwa usukani akirudi kuchukua mzigo. Idrisa akatulia. Kelvin ni mdogo wake kabisa, atapunguza. Akabaki kwenye lami. Honi ikapigwa tena, ndefu, karibu, na hakuna breki iliyolia. Idrisa akaruka na baiskeli, akabingirika mchangani, na alipoinua kichwa lori lilikuwa mbali. Kelvin wala hakutazama ni nani.

Namgogo alifika akiwa ameiburuta baiskeli, rimu imepinda, kiwiko kinatoka damu, kanzu imechanika begani. Baba yake Mwanaisha, mzee Hassani, alikuwa barazani anachambua korosho. Akaitikia salamu, akamtazama toka juu mpaka chini, akaita ndani kwamba kuna mgonjwa wako huku. Kisha akaingia zake, mzee wa watu, akawaachia baraza.

Mwanaisha alitoka na kitenge cha nyumbani, amefunga kilemba. Aliitazama ile rimu kwanza, ndipo akamtazama mtu.

"Ulishuka?"

"Nilishuka."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa woga. Nimeogopa, Mwana, sijawahi kuogopa vile. Na aliyenishusha ni Kelvin. Hakunitambua, aliona baiskeli tu." Akapangusa damu kiwikoni. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Mwanaisha alitaka kucheka na alitaka kulia, akachagua kuleta maji ya kuosha kiwiko. Idrisa akamwambia amekuja kumuomba amuoe, yeye na mayai yake na baiskeli yake, na hatamwambia tena akae nyumbani atunzwe. Mwanaisha akamjibu kwamba posa huletwa na washenga waliovaa vizuri, haiji na mtu anayevuja damu. Alimfunga kiwiko kwa kipande cha khanga, taratibu kuliko ilivyohitajika. Wala ndiyo wala hapana hakusema.

"Nenda kapumzike," alimwambia. "Mimi kesho nina mayai ya kupeleka, na mchanga siukanyagi tena."

Kesho yake alifanya alivyosema. Aliipita njia ya mikorosho bila kuitazama, akapanda lami, akakaa katikati ya upande wake na kunyoosha mgongo. Haukupita muda akasikia lori nyuma. Alisubiri honi. Haikuja. Lori likapunguza, likabaki nyuma yake, likaenda mwendo wake.

Ndani ya lori Kelvin alikuwa haamini. Nyuma yao malori mengine yalishaanza kujipanga na kupiga kelele. Akanyoosha mkono kwenye usukani.

"Gusa hiyo honi," Idrisa alimwambia, "ushuke wewe."

Mwishoni mwa kijiji, pale njia ya mashamba inapokutana tena na lami, alikuwa amesimamishwa mgambo Amiri na rungu lake. Akalinyoosha mbele ya baiskeli. Alisema haya ni makubaliano ya kijiji, yeye katumwa tu, dada arudi mchangani. Mwanaisha akaweka mguu chini, akamjibu kwamba harudi, na kama rungu lina kazi nalo lifanye. Hapo mlango wa lori ukafunguliwa. Idrisa akashuka na kiwiko chake cha khanga, akaja kusimama kando ya baiskeli.

"Mkono wa kwanza pale mkutanoni ulikuwa wangu," alimwambia Amiri. "Leo naushusha. Akirudi mchangani huyu, na lori langu linalala hapahapa."

Akapanda tena, akazima injini kweli, ufunguo akautia mfukoni. Malori ya nyuma yakaanza kulia yote kwa pamoja mpaka watu wakatoka majumbani. Wakaja wenye baiskeli zao, mmoja na mihogo, mwingine na kuku, na mmoja amempakiza Rashidi na mguu wake wa plasta, wakajipanga juu ya lami nyuma ya Mwanaisha. Amiri alitazama foleni ya huku, akatazama ya kule. Akasema anakwenda kunywa maji, yeye hajaona mtu. Rungu akaliweka begani akaondoka.

Hakuna aliyepiga makofi, maana hakuna aliyejua kama mwenyekiti atakubali au kesho kutakuwa na mgambo kumi. Mwanaisha alijifunga mtandio vizuri, akamgeukia Idrisa mbele ya kijiji chake na madereva wote.

"Leta washenga. Baba nitaongea naye mimi."

"Na wewe umekubali?"

"Nimekubali. Ila uwaambie mapema, baiskeli inaolewa pamoja na mimi. Sasa panda gari lako uendeshe polepole, nina mayai."

Akakanyaga pedali. Baiskeli zikamfuata, na nyuma ya baiskeli lori la Idrisa, na nyuma ya lori la Idrisa madereva wote wa korosho wakitukana madirishani. Siku hiyo waliingia mjini mmoja mmoja, kwa mwendo wa mayai.