Mwanamke Aliyetufuata Hadi Montana

Natangaza rasmi, mbele ya wote wenye akili timamu, kwamba mimi, Britta Brekke, mwenye umri wa miaka kumi na sita na malezi ya bweni, ndiye mtaalamu mkuu wa mambo ya mapenzi katika Dakota yote ya Kaskazini.

Tangazo hili nililiandaa nikiwa nimekaa juu ya kifuniko cha choo cha gari-nyumba, simu mkononi, magoti yakigonga mlango kila Lyle alipokanyaga shimo.

Lyle Schatz ni mchumba wa mama. Alimvisha pete theluji ilipoyeyuka, akanunua gari lenye vitanda, jiko na hicho choo, na sasa tulikuwa tukielekea magharibi polepole, kambi hadi kambi, eti tuzoeane. Tatizo ni kwamba siku niliyorudi kutoka shuleni Minnesota nilimsikia mama akiongea na dalali kuhusu nyumba yetu. Nyumba aliyoijenga marehemu baba kwa mikono yake. Kwetu wako watu wanaouza kila kitu wakaishi barabarani. Sawa, waishi. Mimi likizo ningerudi wapi, kwenye maegesho?

Kwa hiyo nikamzaa Renata, mpenzi wa siri wa Lyle ambaye hayupo. Nilipata namba ya bure mtandaoni, nikaandika, nikatuma.

Simu ya Lyle ilikuwa imebanwa kwenye dashibodi ikimwonyesha njia. Ujumbe ukatokea juu ya ramani, na mama, aliyekaa kando yake, akausoma kwa sauti:

"Lyle mpenzi, kofia ya kijani inakupendeza. Huyo mwanamke anajua habari zangu? Wako, Renata."

Niliegemeza sikio mlangoni.

"Nani huyu?" mama aliuliza.

"Simjui."

"Humjui, na anaijua kofia yako."

"Karin, kofia hii nusu ya wakulima wa huku wanayo."

Alisimamisha gari kando ya barabara akajibu: "Wewe ni nani?" Simu ilitetemeka kiganjani mwangu, kicheko kikanitoka, nikawahi kukigeuza kikohozi. Kisha nikamwandikia: "Unanijua. Niko nyuma yenu."

Hapo ndipo nilipaswa kuacha.

Nilipotoka chooni tulikuwa tumeshaondoka tena, na mama alikuwa amekikodolea macho kioo cha pembeni. Nyuma yetu kulikuwa na pikapu ya kijivu. Alisema ndiyo ile ile aliyoiona tulipojaza mafuta. Lyle akiongeza mwendo, nayo inaongeza. Akipunguza, nayo inapunguza, kama gari lolote kwenye barabara iliyonyooka isiyo na pa kupindia. Mimi nilijua hakuna Renata duniani. Lakini baada ya mwendo mrefu, hata mimi nilianza kuiogopa ile pikapu.

Magharibi mbingu zilikuwa zimegeuka kijani, rangi ya jicho lililopigwa ngumi juzi. Ng'ombe walijikusanya kwenye kona moja ya uzio, wakaupa upepo mgongo. Lyle aliacha kutafuna mbegu zake za alizeti. Pikapu ikakata kona, ikaingia shambani kwa mtu, ikapotea. Hakuna aliyeshusha pumzi.

Mama alivua pete akaiweka kando ya kikombe chake cha kahawa.

"Nilimzika mwanaume aliyenipenda," alisema taratibu. "Sitaanza uzeeni kupekua simu ya mwingine."

"Nipe mpaka jioni, Karin."

"Jioni kutatokea nini?"

Lyle alinitazama kwenye kioo cha ndani, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikatabasamu kistaarabu, kama tulivyofunzwa bwenini. Tabasamu lilinikaa vibaya.

Tulifika kambini, ng'ambo ya mpaka wa Montana, upepo ukiwa umeshaanza kung'oa mahema. Sasa, gari-nyumba haliingizwi kwenye nafasi yake na mtu mmoja. Dereva anapiga rivasi, mwenzake anasimama nyuma akimwongoza kwa mikono, na majirani wanaketi kwenye viti vyao kutazama ndoa ya watu ikipimwa. Sheria ni moja: usipomwona mwenzako kwenye kioo, unasimama.

Mama alivaa koti la njano, akachukua mkoba, akasema anakwenda ofisini kuulizia basi la kurudi nyumbani. Mlango ukabamizwa. Mvua ya mawe ikaanza kupiga paa, vioo vya pembeni vikawa maji matupu. Lyle aliita jina la mama mara moja. Kisha, ili tuingie chini ya miti kabla kioo cha mbele hakijapasuka, akaanza kurudi nyuma peke yake.

Nilikuwa kwenye dirisha la nyuma. Niliona kitu cha njano chini kabisa, karibu mno. Mama alikuwa ameinama, mawe yakimpiga mgongoni, akiokota vitu vilivyomwagika kutoka mkobani.

 Nikagonga dirisha kwa ngumi mbili, nikapiga kelele:

"Mama yuko nyuma!"

Breki. Vikombe vikaanguka. Nilipotazama tena, kiganja cha mama kilikuwa juu ya bampa, kana kwamba yeye ndiye aliyelizuia gari.

Lyle alimwingiza ndani. 

"Sikukuona," alisema. "Sikukuona, na bado nilirudi nyuma."

"Ungemwita Renata akuongoze," mama alisema.

Lyle alinigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Renata ametuongoza vya kutosha leo. Britta, nilipotuma ule ujumbe, choo kilicheka. Nimekungoja mchana kutwa useme mwenyewe, na nusura nimuue mama yako kwa kungoja."

Nilikuwa na hotuba tayari, yenye utangulizi na hitimisho. Ikayeyuka.

"Ni mimi," nilisema. "Renata ni mimi. Ile pikapu ilikuwa ya mtu tu. Nilikusikia ukiongea na dalali, mama."

Sikupigwa kofi, ingekuwa afadhali. Mama aliokota vikombe mpaka mawe yakapungua. Kisha akatoka, akasimama nyuma upande wa dereva, mahali anapoonekana, akainua mikono yote miwili. Lyle akarudi nyuma polepole, macho kwenye kioo, hadi mama alipokunja ngumi kumwambia asimame.

Alirudi ndani akichuruzika maji, akaketi mbele yangu.

"Kwa nini hukuniuliza tu, mwanangu, kama nauza nyumba?"

Nje, Lyle alikuwa akiunganisha umeme, akijifanya hasikii.

"Kwa sababu," nilisema, "ungenijibu."