Sabuni kwenye Mbegu

Baraza ya Mukeshimana pale Rwezamenyo haikosi watu. Yeye ni fundi cherehani, na kila anayekuja kupimwa gauni huondoka na habari mbili tatu. Msimu ule habari ilikuwa moja.

"Unga wa Gahongayire ni majivu tu! Niliupaka kwenye mbegu. Nendeni bondeni mkaone mahindi yangu yalivyo manjano!"

Gahongayire alikuwa jirani yake na afisa kilimo, aliyewagawia wakulima unga wa kupaka mbegu ili mahindi yastawi. Maneno yalimfikia. Wakulima saba walishamwambia hawautaki unga wake.

Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, Gahongayire aliwaomba wote washuke bondeni. Shamba la Mukeshimana lilikuwa limenyauka. La mkulima mwenzake Cassien, kando yake, lilikuwa kijani kibichi.

"Tulipewa unga mmoja," Cassien akasema.

"Mama Shallon," Gahongayire akamuuliza Mukeshimana, "uliupaka kivulini?"

"Ndiyo."

"Ukapanda siku ileile?"

Mukeshimana akahisi uso unawaka. Angeweza kusingizia mvua. Watu wote walikuwa wakimtazama.

"Nilipomaliza kupaka, niliziosha mbegu kwanza," akasema kwa sauti ndogo. "Kwa sabuni. Ulisema unga una bakteria. Mimi uchafu siupandi!"

"Yewe! Amewaogesha!" Cassien akacheka hadi akashika kiuno.

Gahongayire hakucheka. "Si bakteria wote wanaleta ugonjwa. Hawa huingia ndani ya mizizi na kuishi humo. Mahindi huwapa sukari. Wao huchukua naitrojeni hewani, wakaulisha mmea. Lakini ni viumbe hai. Sabuni na jua kali huwaua."

"Kwa hiyo samadi haihitajiki tena?" mkulima mmoja akauliza.

"Samadi bado inatakiwa. Hawa ni wasaidizi."

Mukeshimana alitazama viatu vyake. Mahindi yalimuuma, lakini wale watu saba waliokataa unga kwa sababu ya maneno yake walimuuma zaidi.

"Jamani," akasema, "unga haukuwa na kosa. Kosa ni langu, na mdomo wangu."

Tangu siku hiyo, kila mteja aliyeketi barazani alisimuliwa kwanza habari ya sabuni. Wengine walimcheka. Alivumilia. Mmoja mmoja, wale saba wakarudi kuchukua unga.

Msimu uliofuata Mukeshimana aliweka samadi, akapaka unga kivulini, akapanda siku ileile bila kuosha. Mahindi yakampita kichwa.

Alibeba kikapu cha kwanza hadi mlangoni kwa Gahongayire, akasimama bila kuinua macho.

"Nimeleta mahindi. Maneno sina."

"Wewe? Huna maneno?" Gahongayire akacheka kwa mara ya kwanza. "Ingia ndani, tuyachome."